Nani Kayauza Mapumziko?

Mwezi wa Julai mwaka jana nilikaa chini ya mkorosho, pembeni mwa kiwanja kimoja cha wilaya ya Kisarawe, nikitazama fainali ya kombe la kata. Timu moja ilikuwa ya pale pale. Nyingine ilitoka upande wa Kibaha. Refa alipopuliza kipenga cha kumaliza kipindi cha kwanza, saa yangu ilisoma 11:22 jioni. Alipopuliza tena kuanzisha kipindi cha pili, ilisoma 12:00 kamili. Hesabu hiyo niliifanya mara tatu, kwa kuwa sikuamini kwamba watu wazima wenye akili zao wangeweza kuwasimamisha vijana 22 kwa dakika 38 na kukiita kitendo hicho mapumziko.

Nasema kuwasimamisha, na sikukosea neno. Kipenga kilipolia tu, mshereheshaji alichukua kipaza sauti. Spika zake mbili, kila moja na kimo cha mtoto wa darasa la nne, zilikuwa zimeelekezwa katikati ya kiwanja. Akaanza kwa kuwataja wadhamini, akaingia mashindano ya kucheza muziki ambamo fulana zilirushwa hewani kama mahindi kwa kuku, kisha akawatuma vijana wenye simu janja wapite katikati ya watazamaji kuwaandikisha katika michezo ya kubeti. Mgeni rasmi, ambaye kuchelewa kwake ndiko kulikoufanya mchezo wa saa 10:00 uanze saa 10:35, alikumbuka kwamba hajawasalimia wachezaji. Basi vijana waliokuwa wamekaa chini, viatu wamelegeza, wakaamriwa wainuke na kupanga mstari wapeane naye mikono. Baada ya mikono ikaja hotuba. Kocha wa timu ya Kibaha nilimwona akizunguka kutoka sikio la mchezaji mmoja hadi la mwingine, ameviringa viganja mdomoni kama mtu anayepulizia jiko la mkaa. Mwishowe alikata tamaa, akakaa chini.

Julai jua la Pwani huzama karibu na saa 12:20. Adhana ya Magharibi ililia kipindi cha pili kikiwa hakijafika hata katikati, na nusu ya watazamaji wakaondoka. Kiwanja hakina taa. Bao lililoamua kombe lilifungwa gizani, mpira wa mbali usio na nguvu, na mlinda mlango alinyoosha mikono upande ambao mpira haukuwapo. Ana miaka 17. Kabla hajatoka uwanjani walikwishapatikana watu wa kusema kwamba kijana yule kauza mechi, kwamba kuna mkeka mahali fulani umelipwa kwa bao lile. Nilimwona akitembea kuelekea barabarani peke yake, glavu mkononi, watu wakimpisha njia kwa namna ambayo watu humpisha mwizi.

Ndipo nilipojiuliza swali lililo juu ya makala haya.

Wanaonifahamu watashangaa kwamba mzee wa sarufi na ushairi ameingia kwenye mambo ya mpira. Sijahama nyumba. Ugomvi wangu ni juu ya neno, na neno hilo likiharibiwa uwanjani halitabaki zima darasani.

Tulitazame. Kiswahili kina pumua, kina pumzi, kina pumu iliyo ugonjwa wa kukosa pumzi, kina pumzika, na kutoka pumzika tumepata mapumziko. Ukoo mzima huo ni wa kifua na mapafu. Anayepumzika, kwa asili ya neno, ni anayeirudisha hewa mahali pake. Waingereza waliotuletea mchezo huu waliita kipindi hiki nusu ya muda, na wala siwalaumu, maana walikuwa watu wa saa za mifukoni. Wafaransa nao, ambao lugha yao ndugu zetu wa Kongo huichanganya humo humo katika mazungumzo ya mpira, husema nusu ya muda vilevile. Lugha zote mbili zimetazama saa. Sisi tumemtazama mtu. Aliyelichagua neno mapumziko kwa ajili ya mpira, awe karani, awe mtangazaji, awe mwanafunzi aliyekuwa akihema pembeni mwa mstari, alikuwa mfasiri hodari kuliko wengi tunaowapa vyeti: hakuifasiri saa ya Mwingereza, alimwona mchezaji mwenyewe anavyohema, akampa jina la haja yake.

Kizazi changu kilijifunza lugha ya mpira kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary. Ndiko tulikozoea kusikia kwamba timu zinakwenda mapumziko, na baadaye kwamba zimetoka mapumziko. Isikilizeni sarufi hiyo. Mtu huenda shamba, huenda kisimani, huenda likizo, na timu huenda mapumziko. Neno limetendewa kama mahali. Ni pahali pa kuingia na kutoka, penye kivuli chake, na mtu asiyehusika hana sababu ya kuwa pale.

Neno jingine lenye ladha hiyo ni ngwe. Waandishi wa michezo husema ngwe ya kwanza na ngwe ya pili, na vijana wengi hawajui kwamba ngwe ni kipande cha shamba alichopimiwa mtu akilime. Mkulima wa Maneromango au Mzenga anajua maana yake kwa mgongo wake. Amalizapo ngwe moja husimika jembe, hutafuta kivuli, hunywa maji, huitazama ngwe iliyobaki na kukadiria jua. Hakuna mtu mwenye adabu anayemfuata pale na tarumbeta. Ngwe na mapumziko ni maneno ya watu wanaofanya kazi kwa mwili, na yameufaa mpira kwa sababu mpira nao ni kazi ya mwili.

Sasa wako wanaoniambia kwamba neno mapumziko limepitwa, kwamba kijana wa leo anasema hafutaimu na biashara imekwisha. Mimi si adui wa maneno ya kukopa. Goli, kona, refa, penalti, jezi na kocha ni wageni waliokuja, wakapewa ngeli, wakaoa na kuzaa. Tunasema makocha na marefa bila kuona haya. Mgeni hukaribishwa penye nafasi. Lakini hafutaimu imekuja kukalia kiti chenye mtu, na ninaona inakwenda vizuri sana na shughuli za mshereheshaji yule. Hafutaimu ni muda tu, na muda unaweza kukatwa, kupimwa na kuuzwa kama kitambaa. Pumzi ya mtu huwezi kuiuza bila kwanza kumnyang'anya mwenyewe. Ndiyo maana wauzaji hulipenda neno la kwanza. Hata katika mikeka ya kubeti yako matokeo ya kipindi cha kwanza yanayouzwa peke yake, na kijana anayeyafuatilia huinamia simu kipenga kinapolia kama anayesoma barua ya msiba. Yeye hana mapumziko pia.

Tusidhani kwamba sheria iko upande wa kipaza sauti. Sheria ya 7 kati ya zile 17 za mpira wa miguu inasema kwamba wachezaji wana haki ya mapumziko katikati ya mchezo, yasiyozidi dakika 15. Haki, na mwenye haki ametajwa: mchezaji. Si mdhamini, si diwani, si kamati ya mashindano. Sheria hiyo inaendelea kudai kwamba kanuni za mashindano zitaje urefu wa mapumziko, na kwamba urefu huo haubadilishwi ila kwa ruhusa ya refa. Zamani ilikuwa finyu zaidi, dakika 5 tu labda refa aidhinishe zaidi. Refa wetu wa Kisarawe alikuwa kijana mwembamba aliyesimama katikati ya kiwanja akiitazama saa yake na kulitazama jukwaa kwa zamu. Nani angemlaumu? Kumkatiza mgeni rasmi katika hotuba si jambo ambalo mafunzo ya urefa wa ngazi ya kata humwandaa mtu kulifanya.

Mapumziko yenyewe hayakuzaliwa pamoja na mchezo. Sheria za kwanza za chama cha soka cha Uingereza, za mwaka 1863, hazikuyataja kabisa. Timu zilibadilishana magoli kila bao lilipofungwa. Baadaye ndipo ilipokubaliwa kwamba zibadilishane upande mara moja, katikati, ili upepo, mteremko na jua viwe vya wote kwa sehemu sawa. Kwa hiyo tangu mwanzo katikati ya mchezo palikuwa mahali pa haki kuliko pa burudani. Mchezo ukafika kwetu kwa njia nyingi, mojawapo ikiwa wamisionari wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, ambako wanafunzi walikuwa wakiucheza katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Na chuo hicho, katika miaka ya 1920, kilihamia bara, kikaja kukaa Minaki, hapa hapa Kisarawe. Tunaposema kwamba mpira wa wilaya hii ni wa juzi, wa fulana na spika, tunawatukana waliotutangulia.

Nimefundisha na nimesimamia timu za shule kwa miaka mingi, na sikuwa malaika. Katika miaka yangu ya kwanza mapumziko niliyatumia kufoka. Nilidhani kocha ni mtu wa kupaza sauti, nami nilikuwa nayo. Aliyenifundisha vinginevyo alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, beki wa kushoto, mtoto asiyesema darasani hata akiulizwa jina lake. Tulikuwa tunacheza na shule jirani upande wa Kibaha, bila kwa bila. Wachezaji wamekaa mviringo, vipande vya machungwa vinazunguka katika sufuria, mimi nimeanza hotuba yangu. Nikasita kumeza mate, na katika upenyo ule mdogo mtoto yule akasema, akiwa ameyainamia maganda ya chungwa lake, "Mwalimu, kipa wetu sasa atatazama jua."

Kimya. Sote tukageuka kulitazama jua. Lilikuwa juu kidogo ya miembe, mahali ambapo katika nusu saa lingekuwa usoni kabisa mwa mtu aliyesimama katika goli letu jipya. Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya nidhamu na kujituma, na hili halikuwamo. Tuliazima kapelo ya muuza mkate, tukamvika kipa. Dakika ya 70 na kitu ulikuja mpira wa juu kutoka upande wa jua, akaudaka. Mchezo uliisha bila kwa bila. Hatukushinda, na sidai kwamba kapelo ilituokoa. Ila tangu siku ile nilijiwekea kanuni: dakika 3 za kwanza za mapumziko mwalimu hasemi kitu. Wanywe, wapumue, na mwenye neno aseme. Mengi niliyoyapata katika dakika hizo hayamo katika kitabu chochote cha ukocha, na yalisemwa kwa Kiswahili kizuri kuliko insha walizoniandikia: sentensi fupi, tendo na mtendaji, bila pambo.

Nauliza: mtoto wa namna ile angesema nini Julai iliyopita, mbele ya spika mbili? Kijana wa langoni aliyefungwa gizani inawezekana aliiona hatari. Inawezekana alitaka kumwambia kocha kwamba kwa kuchelewa huku hataona mipira ya mbali, wampange beki wa kuzuia mashuti, au nahodha akamlilie refa. Hatutajua. Hata kama alisema, hakuna aliyesikia.

Wasomaji wa mashairi wanayajua mambo haya kwa mlango mwingine. Mshororo wetu wa mizani 16 hauendi moja kwa moja kama treni isiyo na stesheni. Unakwenda mizani 8, unagonga kina cha kati, unapumua, ndipo unaendelea na mizani 8 nyingine. Ukwapi ni ngwe ya kwanza na utao ni ngwe ya pili. Alama ya mkato tunayoiweka pale katikati haikuwekwa kumfurahisha mpiga chapa. Imewekwa kwa ajili ya kifua cha mwimbaji. Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi lazima liimbike, na hakuna kiumbe anayeimba bila kuvuta pumzi. Na angalieni taifa lilivyomkumbuka: Arusha kuna uwanja mkubwa wa mpira wenye jina lake. Mtunga sheria za mizani amepewa uwanja wa soka! Sijui kama waliompa heshima hiyo waliufikiria mshabaha, lakini mimi kila nisikiapo mchezo unatangazwa kutoka Sheikh Amri Abeid, huwa nasubiri kipenga cha katikati kama ninavyosubiri kina cha kati.

Kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa beti, nami niweke moja, niliyoitunga nikirudi na daladala usiku ule:

Kipenga kimeshalia, vijana pumzikeni,
Machungwa twawagawia, kivulini mketini,
Kocha mwaweza mwambia, lililo mwenu moyoni,
Kipaza nawe tulia, pumzi zirudi ndani.

Si ubeti wa kushinda tuzo. Ninachoomba ni kwamba msomaji ausome kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza apumue penye mkato. Mara ya pili mtu mwingine asimame ubavuni mwake na kila afikapo kwenye mkato amtangazie sikioni bei ya vocha. Atauona utao unavyovunjika kabla haujaanza, na lawama za kuimba vibaya zitakuwa zake yeye mwimbaji.

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza nimekwisha kulipata, kwa heshima, kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mtu wa kamati za mashindano. Aliniambia, "Mwalimu, jezi zile nani kanunua? Mpira nani kanunua? Mbuzi wa mshindi katoka wapi?" Ni hoja ya kweli na siidharau. Tangu mwaka 2017 hata Simba na Yanga, wenye mashabiki mamilioni, wametembea na majina ya kampuni za kubashiri vifuani. Itakuwaje timu ya kata? Lakini mdhamini anazo nafasi tele. Anayo saa nzima kabla ya mchezo, wakati watu wanakusanyika na hawana la kufanya. Anavyo vifua vya jezi, mabango ya pembeni, na sherehe ya kukabidhi kombe. Akitaka kurusha fulana azirushe mpaka mikono imchoke, mchezo ukiisha. Ninachomkatalia ni dakika 15, na kati ya hizo hata muziki simkatazi, mradi spika zimegeuzwa kuelekea barabarani na sauti yake imepunguzwa kiasi cha mtu kuweza kusikia anachoambiwa na aliye karibu naye.

La michezo ya kubeti ni zito zaidi, na hapo sina punguzo. Sheria ya nchi hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na iko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kusimamia hilo. Waliojaa pembeni mwa kiwanja kile ni watoto wa shule. Vijana wenye simu janja walipita katikati yao, na sikumwona hata mmoja akimwuliza mtu umri. Kisha sisi tunashangaa kwamba mlinda mlango wa miaka 17 akikosea hatuambiwi kakosea, tunaambiwa kauza. Tumewafundisha wenyewe, mapumziko baada ya mapumziko, kwamba kila kinachotokea uwanjani kina bei.

Wengine watanikumbusha ngonjera. Watasema, mbona enzi zenu, baada ya Mathias Mnyampala kuzieneza ngonjera nchini, wanafunzi walizighani hata viwanjani mpira ukiwa mapumziko? Waligani, nami niliwafundisha baadhi yao. Walisimama upande wa watazamaji, wakaghani kwa koo tupu beti nne au tano, wakakaa. Timu zilizokuwa ng'ambo ya kiwanja hazikusikia zaidi ya mvumo. Sauti ya binadamu isiyopigwa na umeme ina adabu ya maumbile: inafika pale inapofika na kuishia hapo. Wauza kahawa, mama wa mihogo, mtoto wa karanga nao mapumziko ndiyo gulio lao, na nimewahi kumsikia mama mmoja akiomba Mungu mchezo uende mpaka muda wa nyongeza apate mapumziko ya pili. Biashara hiyo siioneei choyo. Inatembea kwa miguu na kumuuliza mtu kwa mtu.

Na wala tusijifariji kwamba ugonjwa huu ni wa viwanja vya vumbi. Mwaka 2021 shirikisho la soka la Amerika ya Kusini liliomba mapumziko yaruhusiwe kufika dakika 25. Washauri wa bodi ya sheria za mpira walikataa, wakihofia afya ya wachezaji, kwa kuwa misuli iliyopashwa moto ikikaa muda mrefu hupoa, na mwenye misuli iliyopoa akikurupuka kukimbia huumia. Miaka 3 baadaye, katika fainali ya Copa América huko Florida, Shakira aliimba mapumzikoni na dakika zikafika karibu 25 zile zile zilizokataliwa. Kocha wa Colombia alikuwa amekwisha kulalamika kabla ya mchezo. Basi na mshereheshaji wetu wa Kisarawe anaweza kusema kwamba anakwenda na wakati. Tofauti ni kwamba Florida walikuwa na taa.

Nikaona niandike barua. Nimeiandikia kamati ya mashindano yale, ukurasa mmoja, na kueleza mambo ambayo mtu yeyote mwenye saa angeyaeleza: kwamba mchezo wa saa 10:00 ukianza saa 10:00, mapumziko yakiwa dakika 15, kila kitu huisha kabla ya saa 12:00, mikwaju ya penalti ikihitajika inapigwa jua likingali juu, na wa kuswali Magharibi wanaswali kwa wakati. Niliomba refa apewe mamlaka ya kupuliza kipenga hata kama mgeni rasmi yuko katikati ya sentensi. Niliomba pia kamati itamke hadharani, kwa kipaza sauti kile kile, kwamba kijana yule wa langoni hakuuza kitu.

Jibu lilikuja kwa simu baada ya wiki mbili. Sauti ilikuwa ya upole. Juu ya kijana, nikaambiwa, watalitazama. Juu ya saa ya kuanza, watajitahidi. Lakini juu ya mapumziko, Mwalimu, pana ugumu, kwa kuwa ya msimu ujao mdhamini ameshayalipia.

Nikamuuliza amemlipa nani. Akasema mtandao unakatika, atanipigia.